Bendera Gani Iko Mlingotini? Fundi wa Malindi Awajibu Wasomaji

Mhariri amenipa kurasa mbili mwezi huu, na barua zilizofika zingejaza gazeti zima. Nyingi zinazunguka jambo lile lile: hizi kaunti na bendera zake, nani aliziamua, na sisi wa chini zinatuhusu nini? Mimi si wakili. Ni fundi wa kushona bendera, duka langu liko Shela ya hapa Malindi (watu wa Lamu msinune, na sisi tuna Shela yetu). Lakini mteja akikuagiza bendera ya serikali huwezi kukisia rangi wala vipimo, kwa hivyo kazi hii imenisomesha sheria kuliko nilivyotaka.

SWALI: Ami Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Maweni. Malindi inajulikana dunia nzima tangu enzi za Vasco da Gama. Lamu ina kaunti yake na bendera yake, sisi tuko chini ya Kilifi. Ni haki hiyo? Na je, tukijishonea bendera yetu tutakamatwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umaarufu haujazaa kaunti hata moja nchini Kenya. Ungekuwa unazaa, tungekuwa wa kwanza kwenye orodha. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415, na Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498 alimkuta mfalme, si mwakilishi wadi. Ile nguzo yake yenye msalaba imechongwa ngao ya Ureno, na ukienda kuitazama utaona kwamba watu wa zamani nao walijua kazi ya alama: nikiweka alama yangu hapa, ujue nimefika. Kisha Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, mfalme wetu akahamia Mombasa, na sisi tukabaki na sifa.

Kaunti zina asili nyingine kabisa. Kamati ya wabunge iliyokutana Naivasha Januari 2010 kuipitia rasimu ya Katiba haikukaa chini na ramani tupu ikachora mipaka mipya. Ilichukua wilaya zilizotambuliwa na sheria ya wilaya na mikoa ya mwaka 1992. Hizo zilikuwa 46. Ongeza Nairobi, unapata 47. Mwaka huo wa 1992 Malindi ilikuwa tarafa tu ndani ya wilaya ya Kilifi, na ilikuja kukatwa ikawa wilaya kamili mwaka 1996. Tulichelewa kwa miaka minne, basi.

Utaniuliza, mbona ile wilaya yetu ya 1996 haikuhesabiwa? Kwa sababu miaka ile wilaya zilikuwa zikitangazwa mikutanoni, umati unapiga makofi, na kesho yake mkuu mpya wa wilaya anatafutiwa afisi. Bungeni hazikupita. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria hazikuwa halali. Walioandika Katiba hawakutaka kesi nyingine, wakarudi kwenye orodha ambayo hakuna wa kuipinga. Lamu ilikuwa wilaya mwaka 1992, kwa hivyo leo ni kaunti nambari 5, ingawa kwa hesabu ya watu ya 2019 ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko zote: 143,920. Kaunti ndogo ya Malindi peke yake ina watu zaidi ya hao. Kilifi ni nambari 3, na kaunti nzima ilihesabiwa watu 1,453,787.

Haki au si haki, hilo ni la wanasiasa. Mimi nakwambia tu lilivyokuwa. Na kulibadilisha si kazi ya mkutano wa hadhara. Kusogeza mpaka wa kaunti kunahitaji pendekezo la tume huru, kisha thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Kuongeza kaunti ya 48 ni kuifungua Katiba yenyewe.

Bendera sasa. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na bendera, ngao (yaani nembo yake) na muhuri, wananchi washauriwe, na bunge la kaunti lipitishe kwa sheria. Kaunti ndogo haikupewa kitu hicho. Kilifi ina kaunti ndogo saba: Malindi, Magarini, Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Ganze, Kaloleni na Rabai. Zote zinasimama chini ya bendera moja. Wewe na wenzako mkitaka bendera ya klabu yenu ya mpira yenye twiga na nguzo, njooni, nitawashonea kwa furaha na bei ya vijana. Mkitaka kuipandisha mbele ya afisi ya umma kana kwamba ni ya serikali, msiseme ni mimi niliyeishona.

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mama wa samaki wa kukaanga hapa Gongoni. Nilikwenda kwa chifu kuulizia ushuru wa kibanda changu sokoni, akaniambia niende afisi ya wadi. Nikaenda wadi na habari ya kitambulisho cha binti yangu, wakanirudisha kwa chifu. Miguu imeniuma. Nimeona kwa chifu pana bendera moja, na kule wadi ziko mbili. Zina maana, au ni pambo?

JIBU: Sijambo, mama, na pole kwa miguu. Si pambo hata kidogo. Macho yako yameona kitu ambacho watu wengi wanakipita kila siku.

Kwa chifu unaona bendera ya taifa peke yake kwa sababu chifu ni mtu wa serikali kuu. Juu yake yuko kamishna msaidizi, halafu naibu kamishna, halafu kamishna wa kaunti, na mstari huo unapanda moja kwa moja mpaka Nairobi. Ndio ule utawala wa mikoa wa zamani, wa PC na DC na DO (wakuu wa mkoa, wa wilaya na wa tarafa), umevaa majina mapya. Jina la kamishna wa kaunti ndilo linalowavuruga watu. Wanasikia “kaunti” wanadhani ni mtu wa gavana. Sivyo. Gavana hamwajiri wala hamfuti.

Afisi ya wadi ni ya kaunti. Hapo pana msimamizi wa wadi aliyeajiriwa na kaunti, na yule mwakilishi wenu mliyempigia kura huwaombea haki zenu katika bunge la kaunti. Kwa hivyo bendera ya kaunti inapepea, na ya taifa iko pamoja nayo kwa sababu kaunti haijatoka Kenya.

Basi fanya hivi kabla ya kupanga foleni: inua macho. Kibanda cha soko, leseni ya biashara, zahanati, shule ya chekechea, maji, barabara ya mtaani, mambo ya uvuvi na mifugo, hata gati ya kushukia abiria, hayo Katiba imeyaweka kwa kaunti. Tafuta mlingoti wenye bendera yake. Kitambulisho, pasipoti, polisi, mahakama, shule ya msingi na ya upili, hati ya shamba, hayo ni ya serikali kuu. Hapo utaikuta bendera nyeusi, nyekundu na kijani peke yake. Si kila afisi imetundika inavyopaswa, na nyingine mlingoti umeota kutu hauna kitu, lakini mara nyingi itakuokoa nauli ya bodaboda.

Nami yalinifika. Nilishona bendera kwa afisi moja ya umma, siitaji jina, taifa mbili na kaunti mbili. Wakati wa malipo, watu wa kaunti wananiambia ankara ipelekwe kwa serikali kuu, serikali kuu wananiambia hiyo ni ya kaunti. Nikawauliza, asubuhi nani anayezipandisha? Wakanyamaza wote. Nililipwa za kaunti. Zile za taifa bado naongea nao.

SWALI: Mwalimu wa sanaa, Watamu. Fundi, wanafunzi wangu wa darasa la sita wanachora bendera ya taifa kila mmoja na vipimo vyake. Naomba vipimo sahihi. Pia nataka wabuni bendera ya kaunti kama zoezi. Ni bendera gani nzuri kwa macho ya fundi?

JIBU: Mwalimu, vipimo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kimo cha bendera kigawe sehemu 20. Nyeusi sehemu 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Urefu uwe mara moja na nusu ya kimo. Kwangu mimi ile ya kawaida ni kimo cha inchi 40 na urefu wa inchi 60: nyeusi inchi 12, utepe mweupe inchi 2, nyekundu 12, mweupe tena 2, kijani 12. Wanafunzi wako bila shaka wanafanya tepe nyeupe nene, au wanazisahau kabisa. Ngao inakaa katikati na mikuki miwili meupe imepishana nyuma yake. Katika kushona, ngao naikata mara mbili, moja upande huu na moja upande wa pili, nazilinganisha kwa pini kabla ya kuzipitisha cherehani, kwa sababu bendera haina mgongo. Ikipinduliwa na upepo lazima isomeke vile vile.

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na bendera nyingi za kaunti. Waliozibuni walichukua ngao nzima ya kaunti, yenye wanyama wawili, mlima, mahindi, jembe, kitabu, utepe wenye maneno, wakaibandika katikati ya kitambaa. Kwenye karatasi inapendeza. Mlingotini, kwa mbali, ni doa. Tena haishoneki. Inabidi ichapwe, na mchapo wetu huu wa kawaida haupendi jua la pwani. Nasema hivi nikijua ninawaudhi wateja.

Angalia Japani. Nao wana mikoa 47, sawasawa na kaunti zetu, na kila mkoa una bendera. Nyingi ni kitambaa cha rangi moja na alama moja tu katikati, mara nyingi alama iliyofinyangwa kutokana na herufi za jina la mkoa wenyewe. Mkoa wa Aomori umeweka umbo la ramani yake, kijani juu ya nyeupe. Okinawa, ambayo ni visiwa kama Lamu, ina duara jekundu juu ya nyeupe, ndani yake duara jeupe, ndani yake tena jekundu dogo. Hiyo naishona kabla ya adhuhuri na bado nipate kwenda sokoni. Ukiiona mara moja, hata mtoto wa chekechea ataichora kesho bila kuangalia.

Kama unataka kuwapa wanafunzi moyo, wasimulie ya Alaska, kule Marekani. Mwaka 1927 walifanya shindano la watoto wa shule kubuni bendera. Alishinda mvulana wa miaka 13 aitwaye Benny Benson. Alichora nyota nane za dhahabu juu ya buluu: saba za lile kundi linalofanana na kata ya kuchotea maji, na moja kubwa, nyota ya jaa, ile ile waliyoitazama manahodha wetu wakirudi kaskazini. Watu wazima walio na vyeo hawakuongeza ndovu wala jembe. Bendera hiyo inapepea mpaka leo.

Kwa hivyo zoezi liwe hili: kila mwanafunzi apewe rangi tatu, si zaidi, na kitu kimoja tu. Mashua, mnazi, nguzo, samaki, chochote. Maneno yasiwepo. Picha zikiisha zibandikwe ukutani, darasa lisimame mwisho wa uwanja. Isiyoonekana kutoka huko ikachorwe tena.

SWALI: Assalamu alaikum Fundi. Mimi ni nahodha wa Mkomani, Lamu. Marehemu babu alikuwa akisema pwani yetu ilikuwa na bendera nyekundu tupu. Ilikuwa ya nani? Na ndugu zetu wa Unguja na wa Ngazija, wao wamepanga vipi bendera za sehemu zao?

JIBU: Waalaikumu salaam, nahodha. Babu yako alisema kweli. Ilikuwa bendera ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 kwamba ukanda wa maili kumi kutoka baharini ni wa Sultani, pamoja na visiwa kama Lamu, Manda na Pate. Mwaka 1895 Waingereza wakaukodi ukanda huo kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Ndiyo maana Kenya ya mkoloni ilikuwa na nchi mbili ndani ya moja: bara ilikuwa koloni tangu 1920, na pwani ikabaki himaya, ina liwali na mudiri, watawala wa Sultani, na kadhi wake. Bara bendera ya buluu yenye simba mwekundu, na Fort Jesus nyekundu ya Sultani iko juu. Tarehe 8 Oktoba 1963 ukatiwa saini mkataba wa kuuacha ukanda huo kwa Kenya, na tarehe 12 Desemba ikapandishwa hii tuliyo nayo. Liwali akaenda na bendera yake. Kadhi amebaki, yumo katika Katiba ya 2010.

Hapo katikati pana kitu wazee hukichanganya na kaunti, nacho ni majimbo. Katiba ya uhuru iligawa nchi katika majimbo saba na eneo la Nairobi, na Pwani ilikuwa na bunge lake likiongozwa na Ronald Ngala, mwana wa huku kwetu Kilifi. Hayakufika miaka miwili. Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 yalikuwa yamekwisha, ikabaki mikoa iliyotawaliwa kutoka Nairobi. Sasa ukimsikia mzee barazani anasema “majimbo yamerudi” anazungumzia ugatuzi, naye ana sababu zake, lakini jimbo la Pwani lilikuwa moja na leo Pwani ni kaunti sita.

Unguja na Pemba: Tanzania ina mikoa 31, mitano kati yake iko Zanzibar, na mikoa hiyo haina bendera za namna ya kaunti zetu. Zanzibar kwa jumla ndiyo yenye yake tangu Januari 2005: buluu, nyeusi na kijani kwa mlalo, na pembeni juu, upande wa mlingoti, imeshonewa bendera ya Tanzania nzima. Kwa fundi ni kazi ngumu, ile ndogo ina mistari ya mshazari, na kitambaa kikivutika kidogo tu inapinda.

Wangazija wamefanya kinyume, nami nawapenda kwa hilo. Wameviweka visiwa vyenyewe ndani ya bendera ya nchi yao, Komoro. Tepe nne: njano ni Mwali, nyeupe ni Maore, nyekundu ni Nzwani, buluu ni Ngazija. Na nyota nne kando ya mwezi, katika pembetatu ya kijani. Maore iko chini ya Ufaransa mpaka leo, lakini utepe wake mweupe hawajaufumua.

SWALI: Fundi, mimi naendesha nyumba ya wageni ufuoni, Malindi. Mbele tuna milingoti mitatu: taifa, kaunti na ya nyumba yetu. Kila kusi likianza bendera zinachanika kuanzia ncha. Na mgeni mmoja amenilaumu kwamba nimezipanga vibaya. Nisaidie.

JIBU: Mgeni wako huenda ana haki. Ya taifa iwe upande wa kushoto wa mtu anayezitazama kutoka barabarani, inayofuata ni ya kaunti, yako iwe mwisho. Hakuna inayopanda juu ya ile ya taifa, nayo ndiyo ya kwanza kupandishwa na ya mwisho kushushwa. Milingoti yako kama haina kimo sawa, mrefu ni wake.

Kuchanika ni jambo la mshono na la uvivu. La mshono nitalitengeneza. Upande wa mlingoti natia turubai nene na pete za shaba. Upande unaopepea nakunja pindo maradufu na kupitisha cherehani mara nne, pembe zote nazitia kiraka cha pembetatu kwa ndani, kwa sababu huko ndiko kusi inakopiga kama mjeledi. Kitambaa kiwe polista iliyofumwa wazi kidogo, upepo upite. Pamba inanywa chumvi, inakuwa nzito, na baada ya miezi miwili inanuka kama tanga la zamani.

La uvivu ni lako. Bendera inashushwa saa kumi na mbili jioni. Polisi wanapiga firimbi na watu wanasimama, na wewe unaiacha yako mpaka asubuhi inapigwa na upepo bila kutazamwa na mtu. Mfundishe mlinzi. Kila Ijumaa isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe kivulini. Uzi ukianza kufumuka ilete siku hiyo hiyo, nikate inchi moja na kuipinda upya. Ukisubiri hadi imechanika futi moja, vipimo vya ile ya taifa vinaharibika na siwezi kukurudishia.

Na ile ya nyumba yako, usinitumie picha ya nembo uliyoipiga kwa simu kutoka kwenye kikombe. Niletee mchoro wenyewe.